Sura ya Nne: Mlima Uliogawiwa Kabla ya Kufikiwa

Fungua ramani ya Afrika Mashariki, kisha fuata kwa kidole mpaka wa Uganda na Tanzania kutoka katikati ya Ziwa Victoria kwenda magharibi. Utaona mstari ulionyooka, unaofuata nyuzi 1 kusini ya ikweta mpaka Mto Kagera. Ukiurefusha mstari huo kwa mawazo kuelekea Kongo, utagundua kwamba Uganda haikuishia hapo. Kona yake ya kusini-magharibi, yenye miji ya Kabale na Kisoro, imeteremka chini ya mstari hadi kwenye vilele vya volkeno ambako Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Wasomaji wengi huuliza: kama Wazungu waligawana bara hili kwa rula, mbona hapa rula imepinda? Na kwa nini watu wanaosema lugha moja na wenye koo zilezile wakajikuta katika nchi tatu?

Jibu lililozoeleka ni kwamba yote yalifanyika Berlin, kwenye mkutano wa 1884 na 1885, na wachoraji hawakujua walichokichora. Jibu hilo lina kosa katika sehemu zake zote mbili. Mkutano wa Berlin uliweka kanuni za biashara na za kutwaa pwani. Mipaka ya eneo hili ilitoka katika matamko na mikataba ya nchi mbilimbili, na mabishano yake yaliendelea hadi 1910. Kuhusu kutojua, ni kweli ramani zilikuwa na makosa makubwa, lakini makosa hayo hayaelezi kilichotokea. Hoja ya sura hii ni kwamba mashaka ya ramani yalikuwa mtaji. Kila dola iliyatumia yalipoifaa na kuyakana yalipoiumiza, na vipimo sahihi vilipopatikana hakuna aliyeacha dai lake. Ushahidi wa wazi kuliko wote ni kisa cha mlima ulioitwa Mfumbiro.

Mlima ulioonekana kwa mbali

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikuwa mgeni wa Rumanika, mfalme wa Karagwe, katika nchi ambayo leo ni kaskazini-magharibi ya Tanzania. Kutoka huko aliona upande wa magharibi vilele vyenye umbo la pia, vikiwa mbali kwa zaidi ya kilomita 100. Aliviingiza katika ramani yake kwa jina la Mfumbiro. Miaka 15 baadaye Henry Morton Stanley naye alifika Karagwe, akavitazama kwa mbali vilevile. Kwa miongo mitatu Mfumbiro ulikuwa na jina, na urefu uliokisiwa kwa macho, katika ramani za Ulaya, ingawa hakuna Mzungu aliyekuwa amekanyaga chini yake.

Kwa wakazi wa nchi ile hapakuwa na fumbo lolote. Zile ni volkeno nane, na kila moja ina jina lake: Muhavura, Gahinga, Sabinyo, Visoke, Karisimbi, Mikeno, Nyiragongo na Nyamulagira. Bufumbira ilikuwa nchi iliyo chini ya milima hiyo, upande wa kaskazini-mashariki. Katika ramani ya London jina la nchi nzima likawa jina la kilele kimoja, na kilele hicho kikawekwa mahali ambapo hakikuwapo. Kosa la namna hiyo ni la kawaida kwa msafiri. Lililo zito ni namna wanadiplomasia walivyolitumia.

Mkataba wenye sharti

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikaa kugawana Afrika Mashariki. Mazungumzo yaliendeshwa Berlin na Percy Anderson kwa upande wa Uingereza na Friedrich Krauel kwa upande wa Ujerumani, na mkataba ukatiwa saini tarehe 1 Julai. Wengi wanaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar, iliyoachiwa Uingereza iwe chini ya ulinzi wake, na kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, kilichopewa Ujerumani. Huku bara ulitenga maeneo ya ushawishi. Eneo la ushawishi ni sehemu ambayo dola moja inazizuia dola nyingine kujipenyeza, hata kama yenyewe haijapeleka askari wala kufungua ofisi. Mstari wa kutenganisha ukawekwa kwenye nyuzi 1 kusini, uvuke Ziwa Victoria na kwenda mpaka Kongo.

Uingereza ikasisitiza jambo moja zaidi. Stanley alikuwa amerudi kutoka safari yake ya kumwokoa gavana Emin Pasha, akidai kwamba watawala aliokutana nao njiani walimkabidhi haki juu ya nchi zao, na Mfumbiro ukahesabiwa kuwa sehemu ya haki hizo. Stanley alikuwa amepita Ankole na Karagwe. Kwenye volkeno hakufika. Hata hivyo mkataba ukaandikwa kwamba Mlima Mfumbiro haumo katika eneo la Wajerumani, na kwamba ikibainika uko kusini ya nyuzi 1, mpaka utapindishwa ili uuache nje, kisha urudi kwenye mstari wake.

Tuyatazame maneno hayo kwa makini. Pande mbili zinakiri kwa maandishi kwamba hazijui mlima uko wapi, na papo hapo zinaugawa. Kama tatizo lingekuwa ujinga mtupu, njia ya busara ilikuwa kuahirisha kipengele hicho mpaka tume ya wapimaji ifike. Uingereza haikutaka kuahirisha, kwa sababu dai lisilo na mahali haliwezi kukanushwa, na Ujerumani haikuona hasara kuachia kitu ambacho pengine hakikuwa chake. Mashaka yaliwafaa wote wawili.

Kulikuwa na mwenye nyumba wa tatu ambaye hakuitwa. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa amezitangazia dola nyingine mipaka ya Dola Huru ya Kongo, milki aliyoimiliki yeye binafsi. Upande wa mashariki mpaka ulishuka kwenye longitudo ya nyuzi 30 mashariki hadi latitudo ya nyuzi 1 na dakika 20 kusini, kisha ukakata moja kwa moja hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Sasa tunajua kwamba Muhavura, kilele kilicho mashariki kabisa katika safu ile, kiko kilomita zaidi ya 30 magharibi ya nyuzi 30. Kwa maneno mengine, mlima ambao Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikiachiana mwaka 1890 ulikuwa, kwa tamko la Leopold, ndani ya Kongo.

Saa mbovu, mlima umehama

Ili kuelewa kwa nini jambo kubwa hivyo halikuonekana, inabidi tujue namna mahali panavyopimwa. Latitudo ni umbali wa kwenda kaskazini au kusini ya ikweta, na mpimaji anaweza kuipata kwa kupima urefu wa jua adhuhuri au wa nyota usiku. Longitudo ni umbali wa kwenda mashariki au magharibi, na hiyo hupatikana kwa saa. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kila dakika 4. Mpimaji akijua saa ya mahali alipo, na wakati huohuo akajua saa ya Greenwich, tofauti ya saa hizo mbili ndiyo longitudo yake.

Kazi ilikuwa kuijua saa ya Greenwich katikati ya bara, kabla ya simu ya waya kufika. Msafiri alibeba saa maalumu, nazo zilikwenda kwa miezi juu ya vichwa vya wapagazi, zikivuka mito, zikipigwa na joto na kutikiswa. Karibu na ikweta uzi mmoja ni takriban kilomita 111. Saa ikipotea kwa dakika moja tu, mlima unahama kwa takriban kilomita 28 katika ramani. Kutoka Kabale, iliyo karibu kabisa na nyuzi 30, hadi Kisoro, kwa mstari wa moja kwa moja, ni kilomita thelathini na kitu. Kosa la dakika moja na nukta chache lilitosha kuitoa Kisoro yote upande mmoja wa nyuzi 30 na kuitia upande mwingine.

Kwa ufupi: mstari wa nyuzi 1 kusini ungeweza kupatikana kwa uhakika wa kutosha, lakini mstari wa nyuzi 30 mashariki ulikuwa kitu cha kubishaniwa kwa miaka. Dola zilichagua kuweka madai yao kwenye mstari usiopimika, na zilijua hivyo.

Vipimo vilipofika, madai yalibadilika sura

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda, akapokewa na Mfalme Kigeli Rwabugiri, akapanda Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu. Safari yake ilionyesha jambo lililowashtua Wajerumani: mstari wa Leopold, ukichorwa mahali ulipotajwa, ulikuwa ukiipa Kongo ziwa lote pamoja na vipande vikubwa vya magharibi ya Rwanda. Hapo Ujerumani ikaanza kusema kwamba mstari wa hesabu haufai, mpaka lazima ufuate maziwa na milima, na kwamba ufalme wa Rwanda ni mmoja na haupaswi kukatwa.

Mwaka 1897 askari wa Kongo waliasi, na vituo vya Leopold upande wa Kivu vikatetereka. Wajerumani wakaingia. Mwezi Novemba 1899 maofisa wa pande mbili waliokuwa huko, Bethe na Hecq, waliandikiana makubaliano ya muda kwamba kila upande ubaki na vituo vyake mpaka miji mikuu iamue. Muda huo ukarefuka kwa zaidi ya miaka 10, na kila mwaka uliopita uliongeza nguvu ya yule aliyekwisha kuketi.

Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 tume za mipaka zilipanda vilima hivyo na vifaa bora, zikajenga alama za mawe na kupima pembe kutoka kilele hadi kilele. Kufikia 1908 mahali pa milima hapakuwa siri tena. Hebu tuone kila mmoja alifanya nini na maarifa hayo:

- Kongo ilishikilia mstari wa nyuzi 30 uleule, kwa kuwa sasa ulithibitika kuipa ardhi nyingi kuliko mwingine wowote.
- Ujerumani ilishikilia maumbile ya nchi na umoja wa Rwanda, kwa kuwa mstari wa hesabu uliinyima Kivu.
- Uingereza ilishikilia Mfumbiro, ila Mfumbiro ukaacha kuwa kilele kimoja na kuwa wilaya nzima yenye watu na mashamba.

Hiki cha tatu ndicho kinachofichua mengi. Baada ya kubainika kwamba hakuna kilele chenye jina hilo, dai la 1890 lingepaswa kufa, maana mkataba ulitaja mlima. Badala yake lilipanuka. Kosa la Speke, lililogeuza nchi kuwa mlima, sasa lilisahihishwa, na usahihisho huo ukampa Mwingereza nchi.

Askari chini ya volkeno

Kongo ilitoka mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji Novemba 1908. Uingereza, ambayo ilikuwa imemshutumu Leopold kwa ukatili wa biashara ya mpira, haikuharakisha kuutambua uhamisho huo, nayo Kongo ikawa dhaifu mezani. Mei 1909 London na Berlin zilielewana pembeni juu ya Mfumbiro, Brussels ikiwa haina habari. Katikati ya mwaka huo serikali ya Kiingereza ya Uganda ikatuma kikosi kilichoongozwa na John Methuen Coote kwenda kuishika nchi hiyo. Kikosi kikakutana na majeshi ya Kongo chini ya Olsen, ofisa wa Kidenmaki aliyewatumikia Wabelgiji. Pande mbili zikatazamana, kila moja ikidai kwamba nyingine imevamia, na zote zikasubiri amri za mbali.

Vita haikutokea. Februari 1910 wajumbe wa dola tatu walikutana Brussels, na tarehe 14 Mei wakatia saini. Mpaka mpya wa Rwanda na Kongo ulipita katikati ya Ziwa Kivu, ukapanda Karisimbi na Visoke hadi Sabinyo. Kutoka Sabinyo mpaka wa Rwanda na Uganda ulikwenda mashariki hadi Muhavura. Bufumbira ikawa ya Uganda. Bwisha, jirani yake wa magharibi, ikabaki Kongo. Kisiwa cha Idjwi katika Kivu kikaenda Kongo. Ukingo wa mashariki wa ziwa ukabaki Rwanda chini ya Ujerumani. Tume ya pamoja ikaweka alama ardhini mwaka 1911. Ndiyo sababu ramani imepinda pale: kona ya Uganda iliyoteremka ni mabaki ya sharti la 1890.

Mstari huo haukufuata nyuzi 30, haukufuata nyuzi 1, na haukufuata umoja wa Rwanda ambao Ujerumani iliuhubiri kwa miaka 15. Bufumbira, Bwisha na Idjwi zote zilikuwa, kwa viwango tofauti, katika mkono wa watawala wa Rwanda, na zote tatu ziliachwa nje. Mfalme Yuhi Musinga wa Rwanda hakuwa na mjumbe Brussels. Ufalme wake ulikuwa hoja yenye thamani kubwa Wajerumani walipotaka Kivu, na walipokwisha kuipata hoja hiyo iliwekwa kando.

Je, si walikosea tu kama watu?

Msomaji makini anaweza kupinga kwamba namdhania vibaya mtu wa 1890. Alikuwa na ramani alizokuwa nazo, akafanya alichoweza. Pingamizi hili lina haki yake kwa wasafiri na wapimaji, ambao wengi walifanya kazi ngumu kwa uaminifu. Kwa wanadiplomasia halisimami. Kama ujinga ndio ungekuwa chanzo cha ugomvi, ugomvi ungepungua kadiri ramani zilivyoboreka. Mfuatano wa miaka unasema kinyume: mwaka 1890, wakati wa giza kubwa, kulikuwa na utulivu, mwaka 1909, milima ikiwa imepimwa, kulikuwa na askari.

Pingamizi la pili ni kwamba hapakuwa na njia nyingine, kwa kuwa wenyeji hawakuwa na mipaka ya kuulizwa. Hili si kweli, ingawa ukweli wenyewe si mwepesi. Watu walijua nani anapokea ushuru wao wa ng'ombe, maharage au asali, nani anawaamulia kesi, na nani wanamkataa. Tatizo ni kwamba majibu yasingefanana. Ikulu ya Rwanda ingesema Bufumbira ni yake. Wakulima wengi wa vilima vya kaskazini, waliochoka na machifu wa ikulu hiyo, wangekana. Muhumusa, aliyejitambulisha kama mjane wa Rwabugiri na kuwakusanya watu kwa jina la roho iliyoitwa Nyabingi, aliwapinga wakubwa wa ikulu pamoja na Wazungu, hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911, mwaka uleule alama za mpaka ziliposimikwa. Kuwauliza watu kungeleta mabishano marefu, naam. Lakini yangekuwa mabishano ya wenye nchi juu ya utawala wao, na dola tatu zilikwisha kubishana miaka 20 juu ya jina lililoandikwa vibaya.

Wapo pia watakaosema kwamba mara nyingine sauti ya wenyeji ilisikika. Ni kweli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana mwaka 1919 kwamba Gisaka, mashariki ya Rwanda, iunganishwe na Tanganyika ya Waingereza, kwa sababu Waingereza waliwaza kupitisha reli huko. Musinga na wamisionari wa Kikatoliki walilalamika, na mwaka 1923 ikakubaliwa irudishwe. Lakini kufikia wakati huo Ubelgiji ndiyo iliyotawala Rwanda, na malalamiko yalikwenda sambamba na faida yake. Umoja wa Rwanda ulikuwa uleule katika Gisaka na katika Bwisha. Uliposhinda, ulishinda kwa kuwa mtawala wa Kizungu aliuhitaji.

Lipo pingamizi ninaloliheshimu zaidi: diplomasia ile, kwa ubaya wake wote, iliepusha vita. Nakubali. Vita vya dola tatu kwenye volkeno vingewaua kwanza wapagazi na wanakijiji. Hata hivyo amani ya Brussels haikufuta gharama, iliihamisha kutoka kwa majeshi hadi kwa watu ambao mashamba, malisho na ndoa zao zilipita katikati ya mawe ya mpaka.

Mistari ya zamani katika ugomvi wa sasa

Mwaka 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo na kuamua kuheshimu mipaka waliyoirithi. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima, lakini haukuzima mvuto wa ramani kuukuu. Idi Amin alipovamia Tanzania mwaka 1978 alidai kwamba mpaka halali ni Mto Kagera, na kwamba mstari wa nyuzi 1 kusini, uleule wa 1890, umeikata Uganda isivyo haki. Mwaka 1996 Rais Pasteur Bizimungu wa Rwanda alizungumzia haja ya Berlin ya pili, akirejea nchi zilizokuwa za ufalme kabla ya mikataba.

Kongo ndiko mstari wa zamani ulikogusa maisha ya watu kwa ukaribu zaidi. Sheria ya uraia ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ya mwaka 1981 ilitaka mtu aonyeshe kwamba mababu zake walikuwa wa makabila yaliyoishi ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885, kama ilivyorekebishwa na mikataba iliyofuata. Tarehe hiyo ndiyo ya tamko la Leopold, lililotolewa miaka 9 kabla Mzungu wa kwanza hajaliona Ziwa Kivu. Familia ya Rutshuru, katika nchi ya Bwisha, inayosema Kinyarwanda ilitakiwa kuthibitisha mahali pa babu yake kwa mstari ambao aliyeutangaza hakujua unapita wapi, na ambao, ukifuatwa kama ulivyotajwa siku ile, ungeiweka Kongo hata miji ya Kisoro na Ruhengeri. Watu walinyimwa uraia, ardhi na kura kwa sheria hiyo, na chuki iliyotokana nayo ilichangia mapigano ya Kivu katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 bunge la Kongo lilipitisha sheria nyingine, ikaisogeza tarehe ya kuhesabia hadi siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Katika vilima vya Bwisha bado wapo wanaoulizwa babu yao alikuwa upande gani mwaka 1885.